Milima ya Singe na Jirani Zake

Ewe mgeni ufikaye Singe, kata ya mji wa Babati, hata kabla hujatua mzigo macho yako huvutwa na Mlima Kwaraha, ambao wengine huuita Ufiome kwa jina la Wafiomi, yaani Wagorowa, wenyeji wa nchi hii tangu dahari. Nao, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, umevikwa msitu wa hifadhi unaonasa mawingu na kuwaneemesha kwa maji wakaao chini yake.

Ardhi hii imo katika Bonde la Ufa, na Ziwa Babati, lisilo na kina kirefu, ni maskani ya viboko. Tahadhari nao, hasa wakati wa magharibi, watokapo majini kwenda malishoni. Ziwa lenyewe nalo si la kubezwa: mwaka 1990 lilifurika.

Upande wa kusini-magharibi, kukiwa kweupe, huonekana Hanang, volkano iliyozimika, mita 3,400 na ushei, imesimama peke yake mfano wa sultani aliyejitenga na raia zake. Wapandao huanzia Katesh alfajiri, na wengi hurejea siku ile ile, ingawa magoti hayakubali haraka. Lakini mlima huo huo, tarehe 3 Desemba 2023, kwa sababu ya mvua kubwa, uliporomosha tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji jirani, roho nyingi zikapotea.

Saa njema ya kuitazama milima hii ni asubuhi mapema, kabla ya mawingu kuvisitiri vilele.