Pasipoti Moja, Babu Wawili

Mjadala wa wahamiaji unaozitikisa siasa za Uingereza hivi leo husimuliwa kana kwamba ulianzia kwenye mashua zinazovuka kutoka pwani ya Ufaransa, ilhali sheria iliyoufanya uzao kuwa kipimo cha nani aingie na nani azuiwe, hata akiwa raia, ilitungwa mwaka 1968 kwa sababu ya Wahindi wa Nairobi: wenye maduka wa Biashara Street, makarani wa Ngara na walimu wa Parklands. Historia hiyo ni ya Nairobi kama ilivyo ya London, na anayeisoma kutoka upande mmoja tu huikosa nusu yake.

Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa, wengi walirudi kwao, na takriban 6,700 wakabaki, wakafuatwa baadaye na wafanyabiashara, mafundi na makarani waliokuja kwa nauli zao wenyewe. Serikali ya kikoloni iliwanyima mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, lakini ikawaachia duka na dawati la ofisi, hivi kwamba kwa Mwafrika wa kawaida yule aliyemnyang'anya ardhi alikuwa mbali, na yule aliyempimia sukari na kumwandikia deni alikuwa mbele ya macho yake kila siku.

Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa nchini na mzazi mmoja aliyezaliwa nchini alipata uraia papo hapo; wengine walipewa miaka miwili ya kuomba, kwa sharti la kuukana uraia wa Uingereza. Wahindi wengi walisita, wakaendelea kushika pasipoti za Uingereza. Hapa pana jambo dogo la kisheria lililozaa makubwa: Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962 iliwabana wenye pasipoti zilizotolewa na magavana wa makoloni, lakini haikumgusa mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya London yenyewe, na kwa kuwa baada ya Uhuru hapakuwa tena na gavana Nairobi, pasipoti zikawa zinatolewa na ubalozi wa Uingereza kwa jina la London. Kushuka kwa bendera ya mkoloni ndiko kulikowafungulia mlango.

Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili, mojawapo ikimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, nyingine ikimzuia kufanya biashara nje ya maeneo maalumu, au kuuza bidhaa zilizoorodheshwa, bila leseni. Sera hiyo iliitwa Uafrikanishaji, yaani kuziweka kazi na biashara mikononi mwa wananchi, na dai lililokuwa nyuma yake lilikuwa la haki, kwa sababu ukoloni ulikuwa umemfungia Mwafrika njia za mkopo, leseni na elimu. Hata hivyo, neno mwananchi lilikuwa limekwisha kuanza kusikika kana kwamba ni rangi ya ngozi, ingawa walikuwapo Wahindi walioupigania Uhuru huohuo. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa amekaa kizuizini miaka kumi na moja kwa kudai Uhuru, na Pio Gama Pinto, mbunge mwenye asili ya Goa, alipigwa risasi ndani ya gari lake nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma.

Familia zilianza kumiminika uwanja wa ndege wa Embakasi. Huko Uingereza hofu ya wageni ilikuwapo kweli mitaani, lakini waliotangulia kuipigia ngoma walikuwa watu wenye vyeo: mbunge Enoch Powell, na Duncan Sandys, ambaye mwaka 1963 ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni Kenya ilipokabidhiwa Uhuru. Tarehe 22 Februari 1968 waziri wa mambo ya ndani, James Callaghan, alitangaza muswada mpya. Ulipita bungeni kwa siku tatu, na kufikia 1 Machi ulikuwa sheria. Ulimtaka mwenye pasipoti athibitishe kwamba yeye, mzazi wake au babu au bibi yake alizaliwa Uingereza au alipewa uraia huko. Mlowezi wa Karen na mwenye duka wa Ngara waliweza kuwa na pasipoti za namna moja, zenye nembo ileile ya kifalme, lakini babu wa mmoja alizaliwa Kent na wa mwenziwe Gujarat, na hilo likatosha kuwatenga. George Thomson, waziri wa Jumuiya ya Madola, alilionya baraza la mawaziri kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa rangi, na Iain Macleod wa upinzani alishikilia kwamba ahadi ilikuwa imetolewa; wote wawili walishindwa.

Waliokosa babu walitengewa hati 1,500 za kuingia kwa mwaka, moja kwa kila mkuu wa familia. Baadhi yao, wakiwa hawana kibali Nairobi wala ruhusa London, walirushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine. Mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba ubaguzi huo ulidhalilisha utu wao.

Nairobi nako, maduka yaliyoachwa hayakumfikia kila mwananchi. Waliokuwa karibu na serikali ndio waliokuwa karibu na mikopo na leseni, na mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara, hata yule aliyegawa leseni akaweza kuwa mfanyabiashara pia.

Yashvir Sunak, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1949, alihamia Uingereza mwaka 1966, miaka miwili kabla ya mlango kufungwa. Mwanawe Rishi alikuwa waziri mkuu wa Uingereza tarehe 25 Oktoba 2022, akamteua Suella Braverman, ambaye baba yake naye alitoka Kenya, kushika wizara ileile ya Callaghan, na serikali yao ikaendeleza mpango wa kuwapeleka Rwanda watu waliofika Uingereza kwa mashua kuomba hifadhi.