Nyumba ya Sanaa: Kumbukumbu ya Nyumba Isiyokuwepo

Mwaka 1972 Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru aliyeanzisha uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam kwa kudhaniwa mhalifu. Mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll, aliwakusanya vijana wachache wenye vipaji wasio na mahali pa kufanyia kazi, akaanzisha Nyumba ya Sanaa. Zaidi ya miaka 50 imepita. Nyumba ile leo haipo, na sisi wa Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, tuna sababu ya kuikumbuka, kwani mji wetu umefika pale ilipofika Dar es Salaam wakati ule.

Kwa watu wa mpakani, Dar es Salaam ya miaka hiyo ilianzia stesheni ya TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi ilifunguliwa rasmi 1976, na Tunduma ikawa kituo chake cha mwisho upande wa Tanzania. Ukishuka Dar es Salaam ulikuta jiji ambalo katikati yake mtu asiye na fedha bado alikuwa na nafasi. Nyumba ya Sanaa ilitoka katika jiji la namna hiyo. Watu walichonga vinyago, walitengeneza batiki, walifinyanga na kuchapa picha. Aliyekuja hajui kitu alikaa karibu na anayejua, akatazama, kisha akajaribu.

Mfano mkubwa kuliko yote ni George Lilanga. Alizaliwa 1934 huko Kusini, Mmakonde aliyejifunza kuchonga akiwa kijana. Alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970, mjomba wake Augustino Malaba, naye msanii wa nyumba hiyo, alimsaidia kupata kibarua pale: ulinzi. Mlinzi huyo hakukaa sana getini. Alianza kuchora, akahamia kwenye batiki, ngozi za mbuzi, mabamba ya chuma na turubai, mpaka kazi zake zikavuka bahari hadi Ulaya, Marekani na Japani. Aliendelea kufanya kazi hata baada ya kisukari kusababisha akatwe miguu, na alifariki 2005. Ninaamini kwamba nchi hii haijapata msanii wa picha aliyefika mbali zaidi yake, na alipitia mlango ambao leo mlinzi hawezi kuupitia, kwa kuwa siku hizi nyumba ya kifahari humtaka mlinzi abaki nje.

Tazama watu wake. Wana masikio mapana yaliyosimama, vitumbo vilivyotangulia, midomo iliyochomoza na vidole vichache vinene. Ni mashetani wa Kimakonde, ila hawatishi. Wanabebana, wanasukumana, wanasengenyana, mmoja amemkanyaga mwenzake na wa tatu anacheka. Ni maisha ya uswahilini yaliyobanwa ndani ya fremu moja.

Robino Ntila, msanii mwingine wa nyumba hiyo, alishika njia nyingine, ya kuchapa kwa bamba la chuma. Bamba hupakwa nta, msanii huchora kwa sindano hadi chuma kionekane, kisha hulitia kwenye asidi inayokula mistari ile tu. Wino hupakwa, hufutwa juu ukabaki ndani ya mistari, halafu karatasi yenye unyevu hubanwa juu yake kwa mashine. Kazi hiyo inadai mashine, asidi na chumba chenye hewa, vitu ambavyo msanii mmoja mmoja asingemudu kuvinunua. Hapo ndipo ilipokuwa maana ya kuwa na nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Nyumba ya Sanaa ilipata jengo lake kwenye kona ya Barabara ya Upanga na Mtaa wa Ohio. Baadaye ikaitwa pia Kituo cha Utamaduni cha Mwalimu Nyerere. Lakini jiji lilikuwa likibadilika. Hoteli kubwa ilisimama jirani, minara ya ofisi ikafuata, na ardhi ya kona ile ikawa na thamani kuliko kila kinyago kilichowahi kuuzwa ndani yake. Kituo kilichakaa, wasanii wakatawanyika, jengo likabomolewa.

Wachoraji wa Tingatinga wao walijiunga katika ushirika mwaka 1990 na wangali wanachora. Kwa maoni yangu tofauti iko hapo: wale walikuwa na chombo chao wenyewe, hawa wa Nyumba ya Sanaa walikuwa na nyumba nzuri iliyotegemea wafadhili na kiwanja kilichotamaniwa na wengi.

Ili nyumba ile isisahaulike, historia yake ingefaa kuonyeshwa kwa vikaragosi. Nchini Kenya vikaragosi vilitumika tangu miaka ya 1990 kuelimisha watu kuhusu UKIMWI, na mwaka 2009 mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianzisha jijini Nairobi kipindi cha vikaragosi cha XYZ Show. Watu wa Lilanga tayari wana maumbo ya vikaragosi, na kikaragosi humkumbusha mtazamaji jiji lililopotea kwa namna ambayo bango la makumbusho haliwezi.

Turudi Tunduma. Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa 2016. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, kilifunguliwa 2019, na tangu hapo kila kiwanja cha barabarani kina mtu anayekitaka kwa ajili ya ghala, gesti au maegesho ya malori. Lakini mji huu una mafundi wa kuandika mabango, wachongaji, wacheza ngoma wa Kinyamwanga na Kinyiha, na vijana wanaozungumza lugha za pande mbili za mpaka. Ombi letu kwa Halmashauri ya Mji ni moja: pimeni kiwanja cha sanaa sasa, kabla bei haijapanda, na hati yake iandikwe kwa jina la ushirika wa wasanii wenyewe.