Fasiki Aliyetubu Mbele ya Msomaji: Mhusika wa Riwaya ya Kimapenzi ya Kiingereza na Wahukumu Wake, 1740–2020

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mhusika mmoja wa riwaya ya kimapenzi ya Kiingereza: mwanamume wa tabaka la juu, mzinzi na mlaghai, ambaye mwishoni huacha ufasiki wake kwa ajili ya mwanamke mmoja. Wahakiki wengi wamemchunguza mhusika huyu kwa kuangalia nia ya mwandishi au itikadi ya matini. Makala hii inamwangalia kupitia wasomaji wake. Hoja kuu ni kwamba wasomaji, ambao wengi wao walikuwa na bado ni wanawake, hawakuipokea toba ya fasiki kwa wepesi wa kuamini. Waliihukumu. Kiwango cha ushahidi walichokidai kilipanda kadiri sheria ya ndoa na uelewa wa ridhaa ulivyobadilika.

1.0 Utangulizi

Neno fasiki linatumika hapa kwa maana mahususi. Halimhusu kila mtu mwovu, bali kabaila mwenye mali, elimu na maneno matamu, anayewaharibu wanawake kama mchezo na ambaye jamii yake humsamehe kwa sababu ya cheo chake. Katika jamii ya Uingereza ya karne ya 18 palikuwa na usemi ulioenea kwamba fasiki aliyetubu ndiye mume bora kuliko wote. Usemi huo ulibeba matumaini, lakini pia ulibeba hatari kubwa. Chini ya sheria ya Uingereza ya wakati huo, utu wa kisheria wa mke ulimezwa na ule wa mumewe, kanuni ambayo William Blackstone aliieleza bayana katika juzuu ya kwanza ya ufafanuzi wake wa sheria mwaka 1765. Fedha alizokuja nazo mke zilikuwa za mume, isipokuwa pale familia ilipoweka mkataba maalumu wa kuzilinda. Kabla ya mwaka 1857 talaka kamili ilihitaji sheria mahususi ya Bunge, njia iliyowafaa matajiri wachache tu.

Kwa hiyo, swali la iwapo fasiki anaweza kuongoka halikuwa la burudani pekee. Kwa msomaji wa kike lilikuwa swali la maisha yake yote: akikosea kuamini, hana mlango wa kutokea. Ni katika muktadha huu ambapo mwitiko wa wasomaji unapaswa kusomwa. Riwaya za katikati ya karne ya 18 zinazojadiliwa hapa hazikuwa za kihistoria zilipoandikwa, kwa kuwa zilisimulia maisha ya zama zake. Hata hivyo, ndizo zilizomjenga mhusika ambaye waandishi wa riwaya ya kimapenzi ya kihistoria walimrithi katika karne ya 20.

2.0 Jukwaani: Toba ya Kitendo cha Mwisho

Mgogoro wenyewe ulianza kabla ya riwaya. Mwaka 1696 Colley Cibber alionyesha London tamthiliya yake Love's Last Shift, ambamo Loveless, mume aliyemtelekeza mkewe kwa miaka mingi, anatubu katika kitendo cha mwisho baada ya mkewe kumnasa kwa hila. Mwaka huohuo John Vanbrugh alijibu kwa tamthiliya The Relapse, akamchukua Loveless huyohuyo aliyetubu na kumrudisha kwenye uzinzi. Jibu la Vanbrugh lina uzito wa kinadharia. Yeye alikuwa mtazamaji wa kazi ya Cibber kabla ya kuwa mwandishi wa kazi yake, na alichokihoji ni ushahidi: toba ya dakika chache mbele ya pazia inathibitishwa na nini? Swali hilo ndilo wasomaji wa karne zilizofuata walilolirudia kwa namna mbalimbali.

3.0 Richardson na Wasomaji Wake

3.1 Pamela na Tuhuma ya Toba Rahisi

Samuel Richardson, mpiga chapa wa London, alichapisha Pamela mwaka 1740. Katika riwaya hiyo ya barua, Bwana B. anamwandama mtumishi wake, anamfungia katika nyumba yake ya Lincolnshire, anazisoma barua zake kwa siri, na hatimaye barua hizohizo zinamlainisha moyo. Anamwoa. Wasomaji waligawanyika. Wapo waliosifu ushindi wa fadhila. Wapo walioona kuwa ndoa imegeuzwa kuwa zawadi ya mtu aliyejaribu kubaka. Henry Fielding alikejeli kwa Shamela mwaka 1741, na mwaka huohuo Eliza Haywood akatoa Anti-Pamela. Kejeli hizo zilimlenga zaidi msichana, zikimtuhumu kwa ujanja, na hilo lenyewe linafichua jambo: kwa wengi, mashaka juu ya toba ya mwanamume yaligeuzwa haraka kuwa mashaka juu ya mwanamke aliyemwamini. Katika mwendelezo wa riwaya yake Richardson mwenyewe alimwonyesha Bwana B. akikaribia kuteleza tena baada ya ndoa, ishara kwamba hata yeye hakuiona toba ile kuwa jambo lililokwisha.

3.2 Clarissa na Mjadala wa Juzuu za Mwisho

Ushahidi ulio tajiri zaidi unapatikana katika Clarissa. Riwaya hii ilitoka kwa awamu tatu: juzuu mbili Desemba 1747, mbili Aprili 1748, na tatu za mwisho Desemba 1748. Mpangilio huo uliwapa wasomaji takribani mwaka mzima wa kusubiri, kubishana na kumwandikia mwandishi. Katika dibaji Richardson alitangaza vita dhidi ya usemi kwamba fasiki aliyetubu ndiye mume bora. Wasomaji wengi hawakukubali kushindwa mapema hivyo. Cibber, yuleyule aliyempatia Loveless toba mwaka 1696, alipinga vikali mpango wa kumwangamiza Clarissa.

Msomaji muhimu zaidi ni Lady Bradshaigh wa Lancashire. Mwaka 1748, akijificha nyuma ya jina la Belfour, alimwandikia Richardson kabla ya juzuu za mwisho kutoka, akimsihi amwokoe Clarissa na amwongoze Lovelace kwenye toba. Alikiri, kwa haya, kwamba hakuweza kujizuia kumpenda Lovelace. Ni rahisi kuyachukua maneno hayo kama uthibitisho wa udhaifu wa msomaji wa kike mbele ya mlaghai, na hivyo ndivyo yalivyosomwa mara nyingi. Usomaji huo, hata hivyo, unaacha nje sharti aliloliweka. Lady Bradshaigh hakuomba Lovelace asamehewe akiwa vilevile alivyo. Aliomba mwandishi ampe mateso na majuto yatakayomfanya astahili. Kwa maneno mengine, alikuwa akidai ushahidi ambao Pamela haikuutoa kwa kutosheleza.

Richardson alikataa. Lovelace anamlewesha Clarissa dawa na kumbaka. Kisha anampa ndoa, na Clarissa anaikataa. Kukataa huko ndiko kiini cha riwaya. Kwa desturi ya wakati ule ndoa ilihesabiwa kuwa fidia ya heshima iliyopotea. Clarissa anatenganisha mambo mawili ambayo jamii yake iliyaunganisha: toba ya mkosaji, ambayo ni kati yake na Mungu, na haki ya kumpata aliyekosewa, ambayo toba hainunui.

Wasomaji waliendelea kujibu hata baada ya riwaya kukamilika. Lady Bradshaigh aliandika maoni yake katika pambizo za nakala yake, na Richardson akayajibu kwa mkono wake katika kurasa zilezile. Dada yake, Lady Echlin, alikwenda mbali zaidi: aliandika mwisho mbadala ambamo ubakaji haufanyiki na Lovelace anatubu, lakini ndoa haiwi thawabu yake, kwa kuwa wote wawili wanakufa. Chaguo hilo ni la kuzingatiwa. Msomaji aliyepewa uhuru kamili wa kumwongoa fasiki alimruhusu atubu, akafuta kosa lisilofidika, na bado hakumpa mke. Kwa upande wake, Richardson aliyasoma mapenzi ya wasomaji kwa Lovelace kama hatari. Katika matoleo ya 1749 na 1751 aliongeza tanbihi na vifungu vya kumchafua zaidi mhusika huyo, na mwaka 1753 akaanza kuchapisha Sir Charles Grandison, riwaya ya mwanamume mwema asiyehitaji toba. Wasomaji, basi, walikuwa wameibadilisha kazi ya mwandishi ingawa hawakupata walichoomba.

4.0 Kurudi kwa Fasiki katika Riwaya ya Kihistoria

Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilibadilisha msingi wa kisheria wa swali hili. Sheria za mwaka 1870 na 1882 zilimpa mke haki juu ya mali yake. Sheria ya talaka ya 1857 ilifungua mahakama, lakini kwa mizani isiyo sawa: mume aliweza kuomba talaka kwa sababu ya uzinzi peke yake, ilhali mke alipaswa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka 1923. Inafaa kukumbuka kwamba ni katika miaka hiyohiyo ambapo Georgette Heyer alimrudisha fasiki wa karne ya 18 kwa wasomaji wa karne ya 20. These Old Shades ilitoka mwaka 1926, Devil's Cub mwaka 1932, na Venetia mwaka 1958. Msomaji wa Heyer alimtazama fasiki kutoka ng'ambo ya pili ya mageuzi ya sheria. Hatari iliyokuwa ya kweli kwa Lady Bradshaigh ilikuwa sasa imevaa mavazi ya kihistoria, na umbali huo ndio uliowezesha mchezo. Hata hivyo kipimo hakikulegezwa. Katika Devil's Cub, Mary Challoner anampiga Vidal risasi mkononi anapotaka kumlazimisha. Toba yake inaanzia hapo, kwa kutambua kwamba aliyemdhania wa kuchezewa ana mpaka.

Mwaka 1972 kampuni ya Avon ya Marekani ilichapisha The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, riwaya iliyofungua soko kubwa la riwaya za kimapenzi za kihistoria katika majalada ya karatasi. Humo shujaa anambaka Heather akimdhania kahaba, na baadaye anakuwa mume mpendwa. Ndoa inafanya kazi ileile ya fidia ambayo Clarissa aliikataa. Wakati huo, nchini Uingereza na katika majimbo ya Marekani, sheria bado haikumtambua mume kuwa anaweza kumbaka mkewe. Uingereza iliufuta msamaha huo kwa uamuzi wa mahakama ya juu mwaka 1991.

5.0 Wasomaji Wanapoulizwa

Janice Radway, katika Reading the Romance (1984), alifanya jambo ambalo wahakiki wachache walikuwa wamelifanya: aliwauliza wasomaji wenyewe, kundi la wanawake wa mji wa Marekani aliouita Smithton. Radway alihitimisha kuwa riwaya hizi humfundisha msomaji kuutafsiri upya ukatili wa mwanamume kama mapenzi yaliyofichika. Hitimisho hilo lina nguvu, lakini ushahidi wake mwenyewe unaelekeza pia upande mwingine. Wanawake wale waliukataa ubakaji kwa msisitizo, wakamtaka shujaa mwenye akili, upole na ucheshi, na walikuwa na majina ya vitabu walivyovitupa. Walikuwa na mizani. Walichokitofautiana na Radway ni jina la mizani hiyo: yeye aliiita kujifariji, wao waliiita kuchagua.

Mkusanyiko wa insha za waandishi wa riwaya za kimapenzi uliohaririwa na Jayne Ann Krentz mwaka 1992 uliongeza hoja nyingine. Laura Kinsale alidai humo kwamba msomaji mara nyingi hukaa ndani ya nafsi ya shujaa na si ya shujaa wa kike pekee. Ikiwa hivyo ndivyo, toba ya fasiki si ahadi tu kwamba mwanamume fulani atabadilika. Ni safari ambayo msomaji mwenyewe anaifanya, kutoka jeuri hadi aibu hadi uwajibikaji.

Riwaya zilizofuata zinaonyesha mizani hiyo ikifanya kazi ndani ya msuko. Katika Lord of Scoundrels ya Loretta Chase (1995) mwanamke anampiga risasi kabaila aliyemvunjia heshima, kisha analifikisha suala kwa wakili. Katika Devil in Winter ya Lisa Kleypas (2006) mke anamtaka mume, aliyejulikana kwa ufasiki, ajizuie kwa miezi kadhaa kabla ya kumwamini. Toba imepewa muda, na muda ndio ushahidi ambao Vanbrugh aliukosa kwa Cibber.

Mfano wa mwisho unapanua hoja. The Duke and I ya Julia Quinn (2000) ina tukio ambapo mke anatumia ulevi wa mumewe kupata mimba asiyoikubali. Tamthilia ya televisheni iliyotokana nayo ilipoonyeshwa Desemba 2020, ulevi uliondolewa, lakini wasomaji na watazamaji wengi waliendelea kuhoji ridhaa ya Simon. Aliyehukumiwa sasa alikuwa mwanamke. Hili linathibitisha kwamba kilichopevuka kwa karne tatu si chuki dhidi ya fasiki wala huruma kwake, bali kanuni: hakuna mapenzi yanayoifidia ridhaa iliyopuuzwa, awe nani aliyeipuuza.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba historia ya fasiki aliyetubu ni historia ya madai ya wasomaji kuhusu ushahidi. Vanbrugh alidai uthabiti, Lady Bradshaigh alidai majuto, Lady Echlin alizuia thawabu, wasomaji wa Smithton walitupa vitabu, na wasomaji wa karne ya 21 walidai ridhaa kwa pande zote mbili. Waandishi walibishana nao, wakawakaripia, na mwishowe wakaandika upya kwa ajili yao. Kwa mtafiti wa riwaya pendwa, ikiwamo ile ya Kiswahili, funzo la kimbinu ni kwamba pambizo, barua na vitabu vilivyotupwa ni data yenye hadhi sawa na matini. Kumwita msomaji wa mapenzi mtu aliyedanganyika, kabla ya kumsikiliza alichokataa, ni kurudia kosa la wale waliosoma Pamela wakamtuhumu mtumishi na kumsahau bwana.