Saltaire: Mtaa Uliopangwa kwa Vyeo

Mwaka 1801 mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa na watu wapatao 13,000. Kufikia 1851 walikuwa wamepita 100,000, wengi wakiwa wamefuata kazi kwenye viwanda vya sufu. Familia zilibanana, choo kimoja kikatumiwa na kaya kadhaa, na mwaka 1849 kipindupindu kikaua mamia. Meya wakati ugonjwa ulipoingia alikuwa Titus Salt, tajiri wa sufu ya alpaka.

Salt aliamua kuhamisha viwanda vyake vyote hadi bonde la mto Aire, kilomita chache nje ya mji, mahali palipopitiwa na reli na mfereji wa mashua za mizigo. Kiwanda kipya kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka 50. Nyumba za wafanyakazi, zilizounda mtaa wa Saltaire, zilifuata kwa awamu hadi zikazidi 800, zote zikichorwa na wasanifu Lockwood na Mawson.

Ni nyumba za mawe ya rangi ya asali, zimeungana ukuta kwa ukuta na kupanda kilima kwa mistari iliyonyooka. Ndani ya nyumba ya kawaida kulikuwa na sebule, jiko la nyuma, stoo ya chakula chini ya sakafu, na vyumba vya kulala ghorofani. Maji ya bomba na gesi vilifika. Uani palikuwa na choo cha familia hiyo peke yake na kibanda cha makaa ya mawe. Kwa mfanyakazi aliyetoka Bradford, choo hicho kilikuwa badiliko kubwa kuliko urembo wote wa mbele.

Lakini urembo nao ulikuwa na kazi yake. Mfumaji wa kawaida alipata nyumba ya ghorofa moja juu, yenye uso mtupu. Nyumba ndefu zaidi zilizojitokeza kwenye mstari, nyingine zikiwa na madirisha ya tao, zilikuwa za wanyapara. Mameneja walikaa barabara ya Albert, nyumba mbilimbili zenye bustani, zikitazama mashamba. Mpita njia aliweza kujua cheo cha mtu kazini kabla hajabisha hodi.

Mwenye mali naye aliandikwa kila kona: mitaa ilipewa majina ya mkewe Caroline na watoto wao, kina Fanny, Herbert na Ada. Baa hazikuruhusiwa. Salt mwenyewe hakuishi hapo. Makazi yake ya mwisho yalikuwa Crow Nest, karibu na Halifax, na alirudishwa Saltaire kuzikwa baada ya kufariki Desemba 1876.

Udhaifu wa mpango huu ulikuwa kwamba tajiri wako ndiye pia mwenye nyumba wako: ukigombana naye kazini, unahatarisha na paa lako. Kifungo hicho kilikatika mwaka 1933, nyumba zilipouzwa. Kiwanda kilifungwa 1986, kikageuzwa jumba la sanaa na maduka, na 2001 UNESCO ikauweka mtaa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba bado zinakaliwa, na siku hizi anayeishi katika nyumba ya mnyapara ni yeyote aliyemudu bei yake.