Saa ya Shaba na Saa ya Kendall

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mliopo madarasani sasa: mhariri ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya mkutano wetu. Nimechagua habari za saa, kwa sababu katika habari hizo nina deni.

Wenzangu wa bwenini watakumbuka kwamba mwaka 1974, nikiwa Kidato cha Tatu, nilitengeneza saa ya mkono katika karakana ya shule. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akivaa saa ya dhahabu ya Uswisi, nami niliitamani mno. Kwa Jumamosi sita nilikata shaba ya kitasa kibovu, nikaipiga tupa, nikaisugua kwa msasa na majivu hata ikang'aa. Kioo nilikitoa katika tochi ndogo, na mkanda nikaushona kwa ngozi ya kiatu. Akrabu zilikuwa vipande vya waya, zimeganda saa nne na dakika kumi. Usoni niliandika jina la kiwanda cha Uswisi. Ndani hamkuwa na kitu.

Kisha nikamwuzia kijana wa Kidato cha Kwanza kwa shilingi 20, nikimwambia kwamba ni saa ya Uswisi, ila imekatika kamani.

Mwalimu alipopata habari hakunichapa. Aliniamuru nirudishe fedha, halafu niandike insha juu ya fundi saa wa London aitwaye Larcum Kendall. Ndivyo nilivyoijua historia hii.

Zamani mabaharia hawakuwa na njia ya uhakika ya kujua wamefika umbali gani mashariki au magharibi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa kila saa moja. Kwa hiyo nahodha akiwa na saa inayoshika majira ya kwao bila kukosea, na akilitazama jua kujua saa ya pale alipo, tofauti ya saa hizo mbili humwonyesha mahali pake. Lakini saa za siku zile ziliharibiwa na mawimbi, joto na baridi. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa ya shida hiyo.

John Harrison, seremala aliyejifundisha ufundi wa saa mwenyewe, alitumia miaka mingi ya maisha yake katika kazi hiyo. Saa yake ya nne ilikamilika mwaka 1759, nayo ilifanana na saa kubwa ya mfukoni, upana wake kama sentimita 13. Katika safari ya Jamaica ya 1761 na 1762 ilichelewa sekunde 5 tu kwa siku 81.

Wakubwa waliosimamia zawadi hawakuridhika. Walisema saa ya fundi mmoja haitafaa mabaharia wote ikiwa hakuna mwingine awezaye kuitengeneza. Basi Agosti 1765 Harrison, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alilazimika kuifungua saa yake kipande kwa kipande mbele ya mafundi wengine. Kendall alikuwa mmoja wao. Baadaye Kendall akapewa saa hiyo ainakili. Harrison aliona ananyang'anywa jasho lake, na hapana shaka alikuwa na haki ya kuona uchungu.

Nakala ilikamilika mwaka 1769. Kapteni James Cook akaichukua katika safari yake ya 1772 hadi 1775, akapita nayo katika joto la tropiki na baridi ya karibu na ncha ya kusini, akarudi akiisifu. Hivyo nakala ndiyo iliyothibitisha baharini ya kwamba ubuni wa Harrison ni wa kweli na waweza kurudiwa. Harrison mwenyewe alikwisha kupewa na Bunge pauni 8,750 nyingine mwaka 1773. Alifariki mwaka 1776.

Yafaa mjue jambo moja zaidi. Juu ya nakala ile Kendall alichora jina lake mwenyewe na mwaka 1769. Hakumdanganya mtu. Ubuni ulijulikana kuwa wa Harrison, na kazi ya mkono ilikuwa yake. Saa zote mbili zimehifadhiwa Greenwich, kila moja na jina la aliyeitengeneza.

Nilipoisoma insha yangu mbele ya darasa, mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuandika jina lako?" Sikuwa na jibu. Shaba ile niliifanyia kazi vizuri. Laiti ningeiita yangu, ingekuwa kazi ya kujivunia. Vijana, nakilini kazi za mabingwa, maana ndiyo njia ya kujifunza. Lakini tieni majina yenu.

Limebaki deni. Fedha nilirudisha, radhi sikuomba. Yule kijana alibandikwa jina la "Uswisi", likamganda mpaka alipomaliza shule, na wakati mwingine mimi pia nilimwita hivyo na kucheka. Namwomba radhi hapa, mbele yenu nyote. Akija mkutanoni, nitamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.