Mshumaa wa Bwana Faraday

Wasomaji wetu, twasikia wengi wakisema kwamba habari za nuru hazifundishiki shuleni pasipo vyombo vya thamani. Basi twataka kuwasimulia habari za mtu aliyewafundisha vijana mambo hayo akianza na mshumaa.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, katika Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, naye alipata shule kidogo tu. Alipokuwa na miaka 14 alitiwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7. Na vitabu alivyovijalidi, alivisoma. Mwaka 1813 akaajiriwa kumsaidia bingwa Humphry Davy katika Royal Institution, na baadaye yeye mwenyewe akawa bingwa mkubwa wa elimu ya umeme.

Katika nyumba hiyo, tangu mwaka 1825, vijana walifundishwa siku za Krismasi. Faraday aliwafundisha Krismasi 19, na ile ya mwisho, ya mwaka 1860, alieleza habari za mshumaa. Kila neno alilithibitisha mbele ya macho yao. Aliumulika mshumaa unaowaka kwa taa ya umeme yenye nguvu, kivuli cha mwali kikaanguka juu ya kitambaa cheupe. Ajabu! Sehemu ya mwali ing'aayo kupita zote ndiyo iliyotupa kivuli cheusi zaidi. Sababu yake ni kwamba mna chembe za masizi ndani yake, nazo huzuia nuru ya taa. Masizi yale yale tuyafutayo katika vioo vya taa zetu, yakipata moto mkali ndani ya mwali, ndiyo yatupayo mwanga.

Jambo hili laweza kufanywa hata kijijini. Siku ya jua kali isiyo na upepo, wekeni kibatari kinachowaka karibu na ukuta mweupe, mtazame kivuli cha mwali. Kisha pitisheni kijiko baridi ndani ya mwali, nacho kitatoka kimepakwa masizi. Lakini kwanza mwulizeni mtoto adhani ataona nini, ndipo mmwache atazame mwenyewe.

Faraday alifariki mwaka 1867. Mafundisho yale yalikatizwa wakati wa vita, mwaka 1939 hata 1942, nayo yaendelea mpaka leo. Sisi tulio walimu na wazazi tusingoje sanduku la vyombo kutoka mbali, maana kibatari na kijiko vimo nyumbani mwetu, na watoto wana macho.