Omu Ilizaliwa Baharini

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa kwamba taa ya volti 12 inapitisha mkondo wa ampea 2, hahitaji hata karatasi: ukinzani ni 12 kugawanya kwa 2, yaani omu 6, na nguvu ni 12 mara 2, yaani wati 24. Vitabu vya shule humpa sifa ya hesabu ya ukinzani Georg Simon Ohm, mwalimu wa Köln, Ujerumani, aliyefanya majaribio yake mashuhuri mwaka 1826. Sifa hiyo anaistahili. Lakini kwa namna tunavyoifanya leo, Ohm mwenyewe asingeweza kuifanya, maana hakuwa na volti, wala ampea, wala omu. Kanuni aliitoa yeye. Vipimo vilivyoifanya iwe na kazi vilidaiwa na watu wa telegrafu, tena baada ya kula hasara.

Tazama alivyofanya kazi. Betri za wakati ule zilichoka upesi, mkondo ukashuka kabla hajamaliza kupima. Kwa ushauri wa Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, aliachana nazo, akachukua kipande cha bismathi kilichounganishwa na shaba, ungio moja akaliweka kwenye joto la maji yanayochemka na jingine kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto ikampa msukumo wa umeme usioyumba. Kisha akapachika, mmoja baada ya mwingine, nyaya 8 za shaba zenye unene sawa lakini urefu tofauti, huku sindano ya sumaku iliyoning'inizwa ikisukumwa kando kwa kadiri ya mkondo. Aliusokota uzi wake mpaka sindano irudi mahali pake, akasoma pembe. Alichopata ni kwamba mkondo ni sawa na namba moja isiyobadilika, ikigawanywa kwa jumla ya urefu wa waya na namba ya pili inayosimamia sehemu iliyobaki ya sakiti. Kwa hiyo ukinzani, kwake, ulikuwa urefu wa waya. Lakini waya wa shaba ya nani? Mwaka 1848 Jacobi wa Saint Petersburg alilazimika kuwatumia wenzake wa Ulaya kipande cha waya ili wote wapimie kitu kimoja. Mwaka 1857 mwanafizikia William Thomson alionyesha kwamba shaba za madukani, ambazo kwa macho hazina tofauti, zinatofautiana mno katika kupitisha umeme.

Mtu anaweza kupinga: je, Royal Society ya London haikumpa Ohm medali ya Copley mwaka 1841, miaka mingi kabla ya kebo yoyote ya telegrafu kuvuka Atlantiki? Ilimpa. Na mwanafizikia Wheatstone aliitumia kanuni hiyo hadharani mwaka 1843. Ila kusifiwa na wataalamu ni jambo moja, kutumiwa na fundi aliye kazini ni jingine. Miaka 17 baada ya medali, kebo ya 1858 ilifika ng'ambo, na salamu za Malkia Victoria zenye maneno 98 zikachukua saa 16 kupita. Wildman Whitehouse, daktari aliyekuwa msimamizi wa umeme wa kampuni ya kebo hiyo, alijaribu kuilazimisha kwa volteji inayokadiriwa kufika volti 2,000. Kebo ikafa ndani ya wiki chache. Ni haki kusema kwamba ilikuwa na kasoro tangu kiwandani, na kwamba ucheleweshaji wa ishara hautokani na ukinzani peke yake. Hata hivyo uchunguzi uliofuata ulifichua aibu moja: watu waliotumbukiza mali yote ile baharini hawakuwa na kipimo cha pamoja cha kuelezea walichokitumbukiza.

Ndiyo maana mwaka 1861 Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kiliunda kamati ya vipimo vya ukinzani, Thomson akiwa mchochezi wake. Faida ya omu iliyotoka kwenye kamati hiyo ilionekana kwenye kutafuta hitilafu. Tuseme kila maili ya kebo ina omu 4, na kipimo kutoka pwani kinaonyesha omu 800: kebo imekatika takriban maili 200 kutoka hapo, na meli inajua pa kwenda kuivua. Kebo iliyotoka Aden kupitia Zanzibar hadi Durban mwaka 1879 ilikuja kwenye ulimwengu ambao hesabu hiyo ilishakuwa kazi ya kila siku.

Nguvu nayo ilifuata njia hiyohiyo, safari hii kwa sababu ya bei ya shaba. Mwanafizikia Joule alishaonyesha mwaka 1841 kwamba joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, lakini aliyelipa gharama ya ukweli huo ni mwenye kuwasha taa mjini. Wati 100 kwa volti 10 zinahitaji ampea 10. Kwa volti 100, ampea 1 tu, na joto linalopotea kwenye waya uleule linakuwa moja ya mia. Ndiyo maana Edison alitaka balbu zenye ukinzani mkubwa, na kituo chake cha Pearl Street, New York, kikaanza mwaka 1882 kwa volti zipatazo 110. Mita zake hazikupima wati hata kidogo: karani alipima uzito wa bamba za zinki zilizobadilishwa na mkondo, akaandika ankara. Kwa kuwa volteji haikubadilika sana, kujua mkondo kulitosha. Jina la wati lenyewe lilipendekezwa na mhandisi William Siemens mwaka huohuo.

Linabaki pingamizi zito zaidi: omu ya kamati ile ilikuja kugundulika kuwa na kosa la zaidi ya 1%, ikabidi mikutano ya kimataifa, kuanzia ule wa Paris mwaka 1881, iifafanue upya kwa safu ya zebaki. Je, basi mafundi walikuwa wakipima upuuzi miaka yote hiyo? Hapana. Anayetafuta mahali kebo ilipokatika hugawanya omu zote kwa omu za kila maili, na kosa hilohilo, likiwa juu na chini ya mgawanyo, hujifuta lenyewe.